Bibi Apumue Kabla ya Kiangazi

Jumamosi, 10 Februari

Baba ameniuliza tena jioni hii, "Imepumua?" Nikamjibu, "Bado, baba." Akacheka kile kicheko chake cha puani, akageukia ukuta. Basi nimekasirika, na kuanzia leo yote nisiyomwambia nitayaandika humu. Siku Bibi akipumua nitamsomea baba, apende asipende.

Bibi ni kichwa cha treni ya mvuke kilicholala nyuma ya karakana ya zamani pale stesheni ya Kigoma tangu mimi sijaolewa. Tulipomkuta, magugu yameota mpaka ndani ya bomba la moshi. Baba yangu, Mzee Leonardi, alikuwa fayamani wake, yaani mtu wa kumlisha moto, kutoka Tabora mpaka hapa ziwani. Mwaka jana wenye chuma chao, wakubwa wa reli, waliamua akatwe auzwe chakavu. Bwana Oswald, mkuu wa stesheni mstaafu, akawaendea na tai yake shingoni, akawaomba mpaka wakachoka. Wakatoa sharti moja. Tutengeneze boila yake wenyewe, kwa kujitolea, na mwanzoni mwa Mei injinia wa ukaguzi aje aipime kwa moto. Ikishika, Bibi anabaki Kigoma. Isiposhika, anakatwa, na hakuna kuombana tena.

Siku niliyojiunga waliniuliza kama nitakuwa nawapikia. Nikawaambia mimi napika sabuni tu, na sabuni hailiwi. Mwili wangu mdogo ndio umenipa kazi ya maana. Naingia ndani ya boila kwa tundu la juu, tundu ambalo Oswald hata bega halipiti, nakwangua kutu kwa brashi ya waya. Nikitoka nimekuwa mwekundu kuanzia nyusi. Mama mtu mzima wa miaka hamsini na sita! Na sijawahi kufurahi hivi.

Jumapili, 11 Februari

Mvua tangu alfajiri. Kanisani mama mmoja ameniuliza kama nimepaka hina kwenye kucha. Nimemwambia ndiyo.

Jumamosi, 17 Februari

Leo niseme juu ya Zénon, maana nikinyamaza nitapasuka mimi kabla ya boila.

Zénon Nduwayo ndiye fundi wa boila pekee tuliye naye. Alitoka Burundi zamani, akapata uraia, ana shamba lake Mwandiga, na kabla ya hapo alikuwa fundi kwenye kiwanda cha chai huko kwao. Hicho kiwanda cha chai sasa tunakijua kuliko nyumba zetu. Huko boila ilikuwa inang'aa ukaona meno yako. Huko spana zilipangwa kwa ukubwa. Huko mtu akichelewa, boila yenyewe ilimkasirikia. Mimi namwita Bwana Chai, na anajua namwita hivyo.

Leo alikuwa anagonga mabomba ya ndani kwa nyundo ndogo, anaweka sikio, anagonga tena. Nikamuuliza, "Anakujibu nini?"

"Anasema Mama Bariki afunge mdomo nimsikie."

Watu wamecheka mpaka Oswald amelegeza tai. Nitamlipizia tu.

Lakini kitu kimoja alichosema nimekishika. Ametuita wote mbele ya tanuru, akaonyesha paa lake kwa ndani. Juu ya paa hilo ndiko maji yanakaa. "Moto uko chini, maji yako juu. Maji yakishuka paa likabaki kavu, linalainika, linapasuka, na sisi tunakwenda pamoja na stesheni." Kisha akatuonyesha kioo, bomba dogo la kioo lililosimama ubavuni, linaloonyesha maji yamefika wapi ndani. "Hiki ndicho macho yako. Kikidanganya, toa moto. Usimuulize mtu."

Jumatano, 21 Februari

Mvua. Brashi mbili zimekwisha meno.

Jumamosi, 24 Februari

Nimemwambia baba nitamtafutia bajaji nimpeleke stesheni aone tulipofika. Miguu yake imekufa ganzi, lakini masikio yake yanasikia mpaka yasiyomhusu. Amekataa.

"Siendi kuangalia maiti," amesema. "Ikiwa hai, nitaisikia hapa hapa Mwanga."

Na kweli, hapa kwetu Mwanga ndipo alipokuwa akisikika yeye. Kila fayamani alikuwa na namna yake ya kupiga honi treni ikiingia mjini, ili nyumbani wajue nani amerudi. Ya baba ilikuwa mlio mrefu, mifupi miwili, halafu mrefu mwingine uliokatika ghafla. Mama akiusikia tu, haijalishi anafanya nini, anabandika maji ya ugali. Baba akifika mlangoni, maji yanachemka. Na sisi watoto tukipiga kelele wakati wa kula, mama alikuwa anasema, "Nyamazeni, fayamani anakula." Tulinyamaza kama tuko kanisani.

Leo jioni tena, "Imepumua?"

"Bado, baba."

"Wanawake na boila," akasema. Nimeondoka nikaenda kukoroga sabuni yangu nusura niimwage.

Jumamosi, 2 Machi

Bomba la mwisho limeingia! Zénon amelibana kwenye tundu lake, amegonga, amesikiliza, kisha akanipa nyundo. Sijui kwa nini mimi. Nimegonga. Limelia safi, mlio mmoja usio na kukwaruza. Nimegonga tena kwa raha zangu.

"Inatosha," amesema Bwana Chai. "Si ngoma hiyo."

Mabomba yote tumeyapanga kwa mikono yetu, wastaafu, wanafunzi wa ufundi, wabeba mizigo wa mwaloni Kibirizi, na mimi mpika sabuni. Nilivyorudi nimepita katikati ya soko na kutu yangu usoni, makusudi.

Jumanne, 5 Machi

Zénon amefiwa na shemeji yake Mwamgongo. Amepanda boti asubuhi. Ziwa limechafuka, mvua haikati, sijui atarudi lini. Ametuachia neno moja, tufunike boila, ikae kavu.

Jumamosi, 9 Machi

Ikae kavu, kwa paa gani? Karakana yenyewe inavuja utafikiri chujio. Nimeingia ndani leo na tochi. Nilipopasafisha mwezi mzima, pameanza kutoa vumbi jekundu.

Tumekaa kikao. Mmoja amesema tumpigie injinia simu. Nikamwambia, "Tumpigie kumuuliza kama jembe linapakwa mafuta?" Maana hapa kwetu nani asiyejua? Masika ikiingia, jembe unalipaka mawese, panga unalipaka mawese, bawaba ya mlango, cherehani, hata mtoto mwenye upele. Chuma kilichoshiba mawese hakishiki kutu. Watu wote wameitikia. Oswald amesimama akatoa hotuba, akasema huu ndio utaalamu wa Kigoma, tusiuonee haya.

Nimetoa dumu zima la mawese, yale mazuri niliyoyaweka kwa ajili ya sabuni. Nimeingia mwenyewe na matambara, nimempaka Bibi ndani kote, kona kwa kona, mpaka amewaka kwa wekundu. Nimetoka nateleza kama kambare. Nimempenda huyu bibi leo kama ndugu yangu.

Jumamosi, 16 Machi

Zénon amerudi, amekonda, macho mekundu. Nimempa pole, akapokea kwa mikono miwili. Alikuta tumeshafunga tundu la juu na vizibo vyote vya pembeni. Akakagua boliti zetu moja moja, akaitikia kwa kichwa. Wengine walidhani habari ya mawese nimeshamwambia. Sikumwambia. Angeanza na kiwanda cha chai, na leo sikuwa na nguvu hizo.

Jumamosi, 23 Machi

Kupima kwa maji baridi. Tumejaza boila mpaka juu, maji ya ziwa, halafu tukasukuma pampu ya mkono kuongeza nguvu ndani. Wenzetu waliofunga Ramadhani ndio wamesukuma kuliko sisi tuliokunywa chai. Sindano ya geji imepanda, imepanda, imefika alama aliyochora Zénon kwa chaki. Bomba moja likatoa machozi, akalibana. Tukasukuma tena, na safari hii sindano ikasimama. Tumekaa tunaitazama. Hata tone.

Oswald amelia, nimemwona. Zénon amepiga ubavu wa Bibi kwa kiganja, akasema, "Ego, mama. Ego." Kwa Kirundi ni ndiyo.

Tulipofungua maji yatoke, yametoka na macho ya mafuta juu juu, kama mchuzi wa migebuka. Nimeyaona mimi. Nimeyamwagia ndoo yakaenda zake.

Baba, "Imepumua?"

"Imeshika maji, baba. Yote."

"Hata ndoo inashika maji."

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Mvua kubwa mpaka kwaya haikusikika.

Jumamosi, 13 Aprili

Kuni zimeletwa, tumezianika chini ya paa tuliloliziba na kuliziba upya. Jumamosi ijayo moto wa kwanza. Injinia amesema atafika tarehe nane Mei. Silali vizuri, na si kwa ubaya.

Jumamosi, 20 Aprili

Mkono wangu wa kulia una malengelenge, naandika hivyo hivyo.

Tumewasha asubuhi, moto mdogo. Zénon hataki pupa na boila iliyolala miaka. Mpaka saa saba mchana tumbo la Bibi lilikuwa limepata joto, watu wakawa wanaligusa mmoja mmoja kama wanamsalimia mgonjwa aliyeamka. Nusu ya mji ilikuwa pale. Mvua ya manyunyu hakuna aliyeijali. Saa nane sindano ya geji ikatikisika, na Oswald akatoa karatasi ya hotuba.

Hapo kioo kikaingia wazimu. Maji yanapanda, yanashuka, yanapotea, yanarudi. Ndani ya kioo povu tupu. Kisha honi, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza kutema mate. Pwaa! Likatoka povu jeupe, likateremka ubavuni mwa Bibi, na upepo wa ziwa ukalichukua. Mapovu makubwa yenye rangi rangi yakaelea juu ya stesheni ya Kigoma. Watoto wakashangilia, wakayakimbiza. Simu zote zikatoka mifukoni. Kicheko nilichokisikia pale bado kiko masikioni mwangu.

Zénon hakucheka. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Tokeni! Wote! Oswald, toka, acha karatasi, toka!"

Watu wakatimka. Yeye akafungua mlango wa tanuru, akachukua chuma cha ndoano, akaanza kuvuta moto nje, magogo mazima yanayowaka yanaanguka miguuni pake. Hapo nikakumbuka. Kikidanganya, toa moto. Nikachukua koleo.

"Mama Bariki, nenda!"

"Hujui maji yako wapi, si ndiyo?"

"Sijui. Labda paa ni kavu. Nenda!"

"Basi vuta, mimi nachota."

Akanitazama mara moja tu, akavuta. Nikachota makaa nikayarusha nje kwenye manyunyu, yakalia fyoo, fyoo. Nimeogopa, sitasema uongo. Nimeogopa, na nimechota. Yeye alikuwa amejiweka kati yangu na mlango wa tanuru. Sikuliona wakati ule, nimeliona sasa hivi naandika.

Moto ulipokwisha tumekaa kwenye matope. Sindano ikashuka taratibu. Zénon akafungua vibomba vya pembeni, akakuta maji yapo juu ya paa, kidole kimoja tu. Akafanya ishara ya msalaba.

Ndipo harufu ikanifikia. Harufu hiyo naijua kuliko ya kitanda changu. Nikachota povu, nikalisugua kati ya vidole. Linateleza.

"Zénon, umetia nini kwenye maji?"

Akaangalia pembeni. "Magadi kidogo. Maji ya ziwa yanaacha gaga kwenye chuma. Kiwandani tulitia. Ni siri ya fundi, huwa hatusemi."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Debe."

"Debe!"

"Magadi peke yake hayatoi povu la namna hii," akasema, na sasa macho yake yamenikazia. "Ndani kulikuwa na nini?"

Ningeweza kusema sijui. "Mawese."

"Kiasi gani?"

"Dumu."

"Dumu!"

Mawese na magadi juu ya moto. Jamani, hiyo ndiyo kazi inayonilisha! Naipika kila wiki nyuma ya nyumba. Mimi nimetia mafuta nikaficha, yeye ametia magadi akaficha, na kwa kiburi chetu wawili tumepika sabuni ndani ya kichwa cha treni.

Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nimelia kwanza, kwa hasira, halafu nikacheka nikiwa bado nalia.

Nimefika nyumbani nimenuka moshi. Jirani alikuwa ameshampelekea baba simu yake, ameona yote. Sikungoja swali.

"Bado, baba."

"Nimeona," akasema. "Leo imepiga mswaki."

Jumapili, 21 Aprili

Sikwenda kanisani. Nimeona haya.

Jumatatu, 22 Aprili

Zénon amekuja Mwanga, kwangu, kwa miguu yake kutoka kituo cha basi. Amemwamkia baba kwa adabu, "Shikamoo mzee," akakaa kwenye benchi langu la sabuni. Hakutaja kiwanda cha chai hata mara moja. Amesema, "Wewe unaijua sabuni. Mimi naijua chuma. Inatokaje?"

Nimemweleza. Ile iliyomo ni sabuni mbichi, nusu mafuta, imeng'ang'ania ukutani. Ukiiacha itatoa povu mpaka kiyama. Lazima kwanza tuipike mpaka iive, kwa kostiki, ile dawa kali ya sabuni, ili mafuta yote yageuke sabuni na kuachia chuma. Halafu kwenye chungu changu ningetia chumvi, sabuni ikajitenga ikaelea juu.

Akaruka. "Chumvi oya, hapana! Chumvi inakula chuma!"

"Basi tuisuuze tu, maji mengi, mara nyingi."

"Hilo sawa."

Tumebishana mpaka chai imepoa. Alipoondoka, baba akauliza kutoka kitandani, "Huyo ndiye fundi wenu?"

"Ndiye."

"Ana sauti ya mtu wa boila." Ni neno zuri la kwanza kulisikia kwake mwaka huu, na hakunipa mimi.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo nimepika chungu kikubwa kuliko vyote nitakavyopika. Tundu la juu wazi, moto mdogo, kostiki nimepima mwenyewe, nimekoroga kwa mti mrefu nimesimama juu ya mgongo wa Bibi na glavu mpaka kwenye kwapa. Zénon chini analinda moto. Nikisema "ongeza," anaongeza. Nikisema "basi," anapunguza. Hakuniuliza kwa nini hata mara moja, na mimi sikumuuliza.

Tulipofungua bomba la chini, imetoka nzito, ya rangi ya kahawa, mapipa na mapipa. Akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi wamekuja na ndoo zao. Nimeijaribu, nimeipunguza ukali, nikawaruhusu waitumie kwa sakafu na maturubai, siyo mwilini. Wameshaipa jina, Sabuni ya Bibi. Waliokuwa wanatucheka wiki iliyopita leo wanapanga foleni. Haya, chekeni sasa!

Jumatatu, 29 Aprili

Tumesuuza kwa maji ya ziwa. Kila mama wa hapa anajua maji ya ziwa yanabishana na sabuni, lakini nani alikuwa na subira? Yametoka na utando wa kijivu, mwingine umeganda kwenye mabomba. Zénon ameukwangua kwa ukucha, akatikisa kichwa. Yanatakiwa maji laini. Maji ya mvua.

Na mvua imekata. Miezi mitatu nimeilaani, sasa mbingu ni za buluu kama bati jipya.

Nimechota maji ya ndani kwenye chupa, nimeitikisa. Povu.

Jumanne, 30 Aprili

Jua.

Jumatano, 1 Mei

Jua. Oswald amepita nyumba kwa nyumba zenye matangi, na tai yake, anaomba maji ya mvua kama anaomba mchango wa harusi. Amepata ya kusuuza mara moja. Nimetikisa chupa. Povu.

Alhamisi, 2 Mei

Mawingu upande wa Kongo jioni. Yamekuja mpaka katikati ya ziwa, yakasimama. Nimeyatukana. Baba ameuliza, nikamjibu. Sauti yangu imekatika njiani, na mara hii hakucheka.

Ijumaa, 3 Mei

Imenyesha! Ee Mungu, imenyesha!

Saa nne asubuhi radi moja, halafu yote kwa pamoja. Nimekimbia stesheni bila viatu. Akina mama wa Kibirizi wamefika kabla yangu. Wale ambao mvua ikinyesha huwa wanalia kwa ajili ya dagaa zao, leo wameanua dagaa, wamebeba maturubai ya kuanikia, wameyatandika kwenye miti pande zote za reli yakinge maji. Zénon akainama, akanusa turubai moja, akaruka.

"Dagaa! Mafuta ya dagaa! Mmetoka kwenye mawese sasa mnataka mchuzi?"

"Tumeyaosha, baba," akasema mama mmoja, mikono kiunoni. "Kwa sabuni yako mwenyewe."

Akanusa tena. Akashika pembe moja, akasaidia kulifunga. Nimecheka mpaka nimeshika nguzo.

Tumejaza, tumemwaga, tumejaza. Wabeba mizigo wanakimbiza mikokoteni ya mapipa, wanafunzi wamepanga mstari wa ndoo kutoka paa la stesheni. Kila mara natikisa chupa, kila mara watu wanasimama wananitazama mkono. Povu. Povu kidogo. Povu dogo zaidi. Mvua ikaanza kupungua. Tukajaza tena, Zénon akapasha moto kidogo, tukamwaga. Nikatikisa.

Maji. Maji matupu, safi, hayana hata pete ya povu.

"Fundi Zénon," nikasema, "tazama." Ndiyo mara ya kwanza nimemwita hivyo, na naona alisikia, maana alipangusa mikono kwanza ndipo akaipokea ile chupa.

Mvua ilikata tulipokuwa tunajaza mara ya mwisho.

Jumatano, 8 Mei

Nimekaa mezani, baba amelala, nataka niyaandike yote kama yalivyokuwa.

Injinia Happiness ni binti mdogo tu, ovaroli safi, hana maneno mengi. Ameingia ndani ya boila mwenyewe na tochi, amekaa humo mpaka Oswald amekaukwa mate mdomoni. Alipotoka mimi na Zénon tulikuwa tumeshakubaliana tumwambie ukweli.

"Kosa lilikuwa langu," nikaanza. "Mawese."

"Oya, langu. Magadi."

"Mawese ndiyo yalitangulia!"

"Bila magadi mawese yangekaa kimya!"

Akatungoja tumalize. "Mlitakiwa kunipigia simu," akasema, na alisema kwa ukali. Kisha akaangalia glavu zake. "Lakini sijawahi kutoka ndani ya boila safi namna hii. Washeni."

Tumewasha. Fundi Zénon kwenye maji, mimi kwenye moto. Nimekuwa fayamani, naandika tena nilione: nimekuwa fayamani. Watu walikuwa wachache kuliko siku ile, wamesimama mbali, simu mkononi, wanangoja mapovu. Mimi macho yangu kwenye kioo tu. Maji yakasimama ndani yake, mstari mmoja ulionyooka, hautikisiki. Sindano ikapanda. Injinia anaandika, anatazama, anaandika. Ilipogusa alama, valvu ya usalama ikainuka na mvuke ukapiga juu, mweupe, mkavu, unaunguruma mpaka bati za karakana zikacheza. Nilimsikia Bibi kwa kifua changu. Watu waliokuwa mbali wakapiga yowe, na wale wabeba mizigo wakakumbatiana.

Injinia akafunga kalamu. "Imeshika," akasema. "Anabaki."

Magurudumu bado, hiyo ni kazi ya masika ijayo. Lakini moyo unafanya kazi, na tumeufufua sisi.

Oswald alikuwa ameshashika kamba ya honi, ni haki yake kama mwenyekiti. Nilimtazama tu. Akaiachia. "Mama Bariki," akasema, "mimi najua hotuba. Wewe ndiye unayejua mlio."

Nikamgeukia Zénon. "Vuta wewe, fundi. Umestahili."

"Oya," akasema. "Baba yangu mimi hayuko Mwanga."

Nikavuta. Mlio mrefu. Mifupi miwili. Mrefu, nikaukata. Ulikwenda juu ya mji, ukagonga vilima ukarudi, na mimi nimesimama na kamba mkononi, nalia mbele ya watu wote bila kujifuta.

Nimetembea kurudi nyumbani, sikutaka bajaji. Nilikuwa nimeshapanga maneno, yeye akisema "Imepumua?" mimi nitasema nini. Nimefungua mlango, kitanda kitupu.

Alikuwa uani. Amejiburuta kwa mikono mpaka jikoni, vumbi limemjaa mpaka kifuani, amekaa chini kando ya mafiga. Baba yangu, ambaye hajawahi kupika tangu azaliwe. Moto ulikuwa umewaka vizuri, ule moto wa mtu anayejua moto. Juu yake sufuria, na maji yanachemka. Unga kaushika mapajani.

Hakuuliza chochote. "Ule mfupi wa pili umeuharakisha," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nani alikuwa kwenye moto?"

"Mimi."

Akanipa unga. Nikasonga ugali, tukakaa chini pale pale uani. Nilikuwa nimemega tonge la kwanza watoto wa jirani walipoanza kupigana na kupiga kelele nyuma ya ukuta. Baba akainua kichwa, akaita kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo:

"Nyamazeni huko! Fayamani anakula."